Rafu za pembeni kwenye defile za Lubumbashi: kipi ununue, kipi uache

Kwenye defile (maonyesho ya mitindo) za Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kamera huwafuata wabunifu wawili watatu ambao jina lao tayari linauza. Wengine hupewa dakika chache mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta viti, kisha nguo zao hutundikwa kwenye rafu za pembeni. Tathmini hii ni ya rafu hizo. Kwa pesa ileile, hapo ndipo unapopata kazi ya mkono iliyo bora zaidi, na pia hapo ndipo unapoweza kuuziwa nguo itakayofumuka kabla ya harusi uliyoinunulia.

Kinachostahili kutazamwa kwanza ni koti la kikwembe, yaani kitenge, lenye bitana (kitambaa cha ndani). Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli. Paris huonyesha nguo za majira ya joto mwezi wa Septemba na Oktoba, na za baridi Februari na Machi, miezi sita kabla ya kuvaliwa. Mbunifu mdogo wa hapa hana haja ya kalenda hiyo. Ana misimu miwili tu, mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na kiangazi kwa miezi iliyobaki, na anauza nguo ya kuvaliwa wiki ijayo. Anayeshona makoti mazito ya sufu kwa sababu ameyaona kwenye picha za Ulaya amepotea njia: saa sita mchana koti hilo linabebwa mkononi. Koti la pamba lenye bitana nyepesi linatosha asubuhi, na mchana halichomi.

Ligeuze koti ndani nje kabla ya kuuliza bei. Bitana iwe na kunjo la kama sentimita 2 katikati ya mgongo, kuanzia shingoni. Kunjo hilo ndilo linaloruhusu mabega kusogea. Bila hilo, bitana huchanika kwapani. Kisha shika ukingo wa mbele, pale vifungo vilipo, uuvute taratibu kwa vidole. Ndani yake kuna kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa pasi. Ukihisi matabaka yanaachana, ama pasi haikuwa na moto wa kutosha ama kikwembe hakikufuliwa kabla ya kukatwa. Pamba mpya inaweza kurudi, yaani kusinyaa, kwa asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza, na kile kitambaa kigumu hakirudi hivyo. Matokeo yake ni mapovu kifuani ambayo hakuna tayeri (fundi wa kushona) atakayeyaondoa. Swali la kumuuliza mbunifu ni moja: kikwembe kililowekwa kabla ya kukatwa? Anayejua kazi hujibu papo hapo.

Halafu tazama michoro. Kipande kizima cha kikwembe ni yadi 6, yaani kama mita 5.5, na upana wake ni karibu sentimita 120. Koti la mtu mzima hula takriban yadi 3 ikiwa michoro ni midogo. Michoro mikubwa, kama ile ya ndege au feni, ikitakiwa kukutana sawasawa mgongoni na kwenye mifuko, huongeza yadi nzima kwa sababu ya vipande vinavyotupwa. Kwa hiyo makoti mawili yanayofanana yakitofautiana bei, angalia mshono wa mgongo. Ndege akikatwa kichwa kwenye mshono, bei ishuke. Akiwa mzima, lipa bila kulalamika.

Kuhusu kikwembe chenyewe, wauzaji hupenda kutaja Vlisco, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1846 mjini Helmond. Jina lake huchapishwa kwenye pindo la kitambaa, na pindo hilo likishakatwa huna cha kusoma. Wabunifu wadogo mara nyingi hutumia vitambaa vya bei nafuu, na hilo si kosa. Kosa ni polista, kitambaa cha nyuzi za plastiki, inayouzwa kama pamba. Omba uzi mmoja kutoka kwenye upindo wa ndani, uuchome mbali na nguo: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu jepesi, polista huyeyuka na kuwa kidonge kigumu cheusi. Rangi nayo ijaribu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, usugue mahali pasipoonekana. Waksi halisi, yaani kikwembe kilichotiwa rangi kwa kutumia nta, ina rangi karibu sawa pande zote mbili. Iliyochapwa upande mmoja hupauka haraka zaidi kwenye mikunjo.

Magauni yanahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo rafu hizi zina udhaifu. Gauni lililopita jukwaani limekatwa kwa mwanamitindo mrefu mwenye nyonga nyembamba, na mara nyingi lilibanwa kwa pini mgongoni ili likae vizuri kwa dakika zile mbili. Usilinunue hilo. Agiza la kwako kwa mfano huo. Kikwembe hakivutiki, hivyo nyonga zinahitaji nafasi ya sentimita 4 hadi 6 zaidi ya kipimo cha mwili, la sivyo mshono wa nyuma utaachia siku ya kwanza utakapokaa kwenye kiti cha chini. Mbunifu akupime kifua, kiuno, nyonga, na urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachofanya kiuno cha gauni kipande mbavuni. Dai ujaribishe angalau mara moja kabla zipu haijawekwa, ukae, uinue mikono, upande ngazi. Ndani, mishono ya pembeni iachwe na sentimita 2 za ziada kila upande. Viwanda huacha 1 kwa kubana kitambaa. Tayeri mzuri huacha 2 kwa sababu anajua mwili hubadilika.

Na tafadhali, kingo za ndani zipigwe ovaloki, mshono wa mashine unaozuia nyuzi kufumuka. Gauni la bei ya sherehe lenye nyuzi zinazoning'inia ndani halina utetezi.

Kazi za rafia, nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende, zinapendeza macho kuliko zinavyopendeza kuvaliwa. Wakuba wa Kasai ndio wanaojulikana zaidi kwa kitambaa hiki: wanaume hufuma, wanawake hutarizi. Nyuzi za rafia hazisokotwi, kwa hiyo kila kipande hakizidi urefu wa jani, na nguo kubwa lazima iwe ya vipande vilivyoungwa. Muungano unaoonekana si dosari. Dosari ni kuweka rafia mahali panapokunjwa, kama kiwikoni au sehemu ya kukalia, maana nyuzi huvunjika, hasa hewa ya kiangazi inapokuwa kavu. Mkoba, mkanda, ukosi au kipande cha kifuani, ndiyo. Sketi nzima, hapana. Usiifue kwa kulowesha, na uihifadhi ikiwa imeviringishwa, isikunjwe.

Pale penye vito, Lubumbashi ina kitu ambacho miji mingine haina kwa urahisi huo: malakiti, jiwe la kijani la urembo, na shaba kutoka ardhi ileile. Malakiti ya kweli ni nzito, baridi ukiishika, na mistari yake ya kijani haijirudii kwa mpangilio. Ya plastiki hupata joto la kiganja mara moja. Jiwe hili ni laini, ugumu wake ni 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, hivyo ncha ya kisu hulikwaruza. Vifungo vya malakiti kwenye koti vinavutia, lakini vitolewe kabla ya kufua. Mbunifu mwenye akili huvifunga kwa kishikizo cha nyuma badala ya kuvishona moja kwa moja. Shaba ikigeuka kijani kwa jasho, watu huisafisha kwa ndimu na chumvi. Pete ya shaba yenye malakiti usiifanyie hivyo: tindikali ya ndimu hula jiwe na kuondoa mng'ao wake. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Jina dogo, kwa njia, halina maana ya kazi ndogo. Mei 2020 Anifa Mvuemba wa chapa ya Hanifa, mwenye asili ya Kongo, alionyesha Pink Label Congo kwenye Instagram kwa nguo za 3D zinazotembea bila mwanamitindo hata mmoja, na dunia ikamfuata. Ila picha haina upande wa ndani, ndiyo maana mbunifu anayekutumia picha za simu tu aombwe pia picha ya nguo iliyogeuzwa.

Malipo: avansi (malipo ya awali) ya nusu ni ya kawaida kwa nguo ya kuagiza, nusu ya pili baada ya kujaribisha. Bei ikitajwa kwa dola nawe unalipa kwa franka, kubalianeni kiwango siku ya avansi na kiandikwe kwenye risiti pamoja na vipimo vyako na tarehe ya kuchukua. Noti za dola zilizochanika, hata kidogo pembeni, zitakataliwa. Mwombe pia kipande cha ziada cha kikwembe, angalau nusu yadi, na vifungo viwili vya akiba, kwa sababu mwezi ujao kitambaa hichohicho huenda kisipatikane tena sokoni.