CRRO na OCRE: katalogi mbili za bure za dinari za Roma, na mahali zinapokwama

Kwa kazi ya kuitambua dinari, sarafu ya fedha ya Roma ya kale, na kuipa namba yake sahihi ya katalogi, hakuna chombo kinachozishinda CRRO na OCRE. Kwa kazi ya kujua kama dinari hiyo ni adimu, zikitumiwa peke yake zinapotosha, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa.

CRRO (Coinage of the Roman Republic Online) inahusu sarafu za Jamhuri ya Roma, kabla ya makaizari, na inafuata namba za RRC, yaani katalogi ya Michael Crawford ya 1974. OCRE (Online Coins of the Roman Empire) inafuata RIC (Roman Imperial Coinage), mfululizo wa juzuu za sarafu za makaizari, kuanzia Augustus mwaka 31 KK hadi kifo cha Zeno mwaka 491 BK, ikiwa na aina zaidi ya 40,000. Zote zinatunzwa na American Numismatic Society ya New York, na hazina ada. Kila aina ina ukurasa wake wa kudumu, na chini yake vimepangwa vielelezo kutoka British Museum, makumbusho ya Berlin, Bibliothèque nationale de France na kwingineko, mara nyingi vikiwa na picha, uzito na kipenyo. Picha za Berlin ndizo zinazofaa zaidi kwa kulinganisha.

Kabla ya kufungua tovuti, pima sarafu kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01, pima kipenyo mahali pawili kwa sababu sarafu hizi si duara kamili, kisha angalia mhimili: kichwa kikiwa kimesimama wima, izungushe sarafu kushoto-kulia kama ukurasa na uone sehemu ya juu ya picha ya nyuma imeelekea saa ngapi. Ndipo usome maandishi ya ukingoni. Kilatini cha sarafu hizi hakikutofautisha U na V, hivyo andika AVGVSTVS, si AUGUSTUS. Kosa hili dogo linaweza kurudisha majibu sifuri na mtu akadhani sarafu yake haijulikani. Kwa dinari za makaizari, vyeo hupunguza kazi haraka. Kaizari Traianus akiwa COS V (konsuli kwa mara ya tano) ni 103 hadi 111 BK, COS VI ni 112 hadi 117. Pale maandishi yalipolika, anza na picha ya upande wa nyuma: mungu gani, amesimama au ameketi, ameshika nini mkono wa kulia na nini wa kushoto. Mkono mmoja ukikosewa, namba ya RIC hubadilika.

Kurasa za aina hutoa pia wastani wa uzito. Ni msaada mzuri, lakini usiuchukue kama sheria. Vielelezo vikiwa vitatu na kimoja kimevunjika au ni shaba iliyovikwa fedha, wastani wote unashuka. Afadhali kushika kichwani viwango vya kiwanda chenyewe: dinari za kwanza, karibu na 211 KK, zilikuwa 72 kwa ratili ya Kirumi, takriban gramu 4.5; muda mfupi baadaye zikawa 84, takriban gramu 3.9, Nero mwaka 64 BK akazifikisha 96, takriban gramu 3.4. Dinari ya Jamhuri yenye gramu 3.1 na isiyochakaa sana inadai maelezo.

Udhaifu wa kwanza wa OCRE umerithiwa kutoka RIC. Juzuu zake hazina umri mmoja. Vespasianus amepangwa kwa toleo la 2007, lakini Septimius Severus bado anategemea juzuu ya 1936, yenye maingizo yaliyonakiliwa kutoka kwa wakusanyaji wa zamani bila sarafu yenyewe kuonekana tena. Namba nazo zimehama: dinari ya Vespasianus yenye neno IVDAEA ni RIC 15 katika toleo la zamani na RIC 2 katika jipya. Lebo ya muuzaji ikisema RIC tu bila toleo, usiihukumu kabla hujasoma maelezo yote mawili. Kwa upande wa CRRO, tarehe ni za Crawford, ingawa akiba iliyofukuliwa Mesagne, Italia, ilisababisha baadhi yake kusogezwa. C. Hosidius Geta, ofisa wa kugonga sarafu (RRC 407), yuko 68 KK kwa Crawford. Mpangilio uliotokana na Mesagne unampeleka 64 KK. Mnada ukitaja 64, haujakosea.

Sasa uadimu. Msomaji huona aina yenye vielelezo viwili, akahitimisha kwamba ni adimu. Hitimisho hilo halisimami, kwa sababu makumbusho hukusanya kwa kujaza nafasi: kielelezo kimoja au viwili kwa kila aina, iwe ya kawaida au la. Aina iliyogongwa kwa wingi na ile iliyogongwa kidogo zinaweza kuonekana sawa kabisa kwenye ukurasa. Kinyume chake pia hutokea. RRC 340/1 ya L. Piso Frugi, ya 90 KK, ni ingizo moja lenye mamia ya alama za udhibiti (herufi, namba au picha ndogo za kutofautisha mihuri) ndani yake. Aina yenyewe imejaa kila mnada, lakini alama fulani moja inaweza kuwa haionekani kwa miaka.

Kinachojibu swali hili ni mihuri ya kugongea, yaani vyuma vilivyochongwa picha ya sarafu. American Numismatic Society hiyohiyo ina mradi wa RRDP (Roman Republican Die Project), uliojengwa juu ya mafaili ya Richard Schaefer, aliyekata picha kutoka katalogi za minada na kuzipanga muhuri kwa muhuri. Hesabu yake ni rahisi. Sarafu 30 zikitoka kwenye mihuri 4, karibu umeona mihuri yote na toleo lilikuwa dogo. Sarafu 30 zikitoka kwenye mihuri 30, mingi bado haijaonekana na toleo lilikuwa kubwa, hata kama leo hukutani nalo mara kwa mara. Huduma hii ni bora kuliko herufi za uadimu za RIC, kuanzia C (ya kawaida) hadi R5 (adimu kabisa), ambazo hakuna sababu ya kumwongezea muuzaji pesa kwa ajili yake. RRDP haigusi makaizari, na hilo ni pengo kweli. Kwao itabidi utumie acsearch, kumbukumbu ya minada ambayo picha zake ni bure ila bei za mauzo zinahitaji usajili wa kulipia.

Katalogi hizi husaidia pia kukamata bandia, kwa kiasi. Sarafu mbili za muhuri mmoja ni jambo la kawaida. Sarafu mbili zenye muhuri mmoja, ufa mmoja wa ukingoni, mkwaruzo mmoja na umbo moja la pembezoni si la kawaida: angalau moja ni bandia, iliyonakiliwa kutoka kwenye nyingine au kutoka kwenye sarafu mama moja. Linganisha kasoro hizo na picha za makumbusho moja baada ya nyingine, kisha rudia kwenye acsearch, kwani sarafu mama mara nyingi ilipita mnadani. Na tafadhali usijaribu kuiangusha sarafu mezani usikie mlio wake. Fedha iliyokaa ardhini miaka 2,000 inaweza kuwa tete na kukatika vipande.

Kitu ambacho hakuna ukurasa wowote wa CRRO au OCRE utakachokupa ni historia ya umiliki wa sarafu inayouzwa. Kielelezo cha dhahabu cha EID MAR, sarafu ya Brutus ya kuadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar, aina iliyo jirani na dinari RRC 508/3, kiliuzwa London mwaka 2020 kikiwa na hati za umiliki zilizogunduliwa baadaye kuwa za uongo, na mwaka 2023 kikarudishwa Ugiriki. Kujua ni ya aina gani hakukufichua uongo huo.