Usiku wa nyimbo za Peter Green huko Kilimani: bendi iliyopendeza zaidi ilipokubali kunyamaza

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 1,500 mlangoni mwa mkahawa mmoja wa Kilimani ili kuisikiliza bendi ya watu watano iliyotangaza kwamba ingepiga nyimbo za Peter Green usiku mzima. Niliingia nikiwa na wasiwasi kidogo. Bendi nyingi za Nairobi hupiga kopi, na baadhi yake hupiga kopi nzuri sana, lakini nyimbo za Green hazina noti nyingi, kwa hiyo mpiga gitaa anayeziiga hana mahali pa kujificha: noti moja ikivutwa kupita kiasi, au ikiingia mapema kidogo, kila mtu huisikia, hata yule asiyejua jina la wimbo.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Green, mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi, alizaliwa London mwaka 1946, akachukua nafasi ya mpiga gitaa Eric Clapton katika bendi ya bluzi ya John Mayall mwaka 1966 akiwa bado hajatimiza miaka 20, na mwaka uliofuata akaanzisha Fleetwood Mac, bendi ambayo wengi wetu tunaijua kwa nyimbo ilizotoa baadaye, wakati yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Aliiacha mwaka 1970, akaugua maradhi ya akili kwa muda mrefu, akarejea jukwaani katika miaka ya 1990, na akafariki Julai 2020. Miaka hiyo mitatu aliyokaa Fleetwood Mac ndiyo iliyotoa karibu kila kitu nilichokisikia Jumamosi.

Tangazo lilisema saa moja jioni, na wimbo wa kwanza ulianza saa mbili kasoro dakika chache. Walifungua kwa «Oh Well», na hapo nikaona kasoro ambayo ingejirudia mara kadhaa. Uzuri wa wimbo huo wa mwaka 1969 uko katika kukatika kwake: gitaa linakimbia, linasimama ghafla, mwimbaji anasema maneno yake bila ala yoyote nyuma yake, kisha gitaa linarudi kama mtu aliyekuwa akimngoja amalize. Mpiga gitaa la pili hakuuvumilia ukimya huo. Kila mwimbaji alipobaki peke yake, yeye alitia vinoti viwili vitatu chini ya sauti, kana kwamba pengo lile ni kosa linalotakiwa kuzibwa. Ninaelewa mazoea hayo yametoka wapi, kwa sababu kijana aliyejifunza gitaa akisikiliza benga hufundishwa kwamba gitaa likiuliza, gitaa jingine lijibu upesi. Katika benga hilo ndilo roho ya muziki wenyewe. Katika «Oh Well» linauondolea wimbo kitu kilichoufanya usikike kwa zaidi ya miaka 50.

Wimbo wa pili ulikuwa «Need Your Love So Bad», na hapa ninapaswa kusahihisha tangazo la mlangoni, lililouorodhesha kuwa utunzi wa Green. Wimbo huo uliimbwa kwanza na Little Willie John wa Marekani mwaka 1955. Green na wenzake waliurekodi upya mwaka 1968. Bendi inayojitambulisha kwa kuimba nyimbo za mwingine ina wajibu wa kujua zipi ni zake na zipi yeye mwenyewe alizikopi. Mwimbaji, ambaye ana kifua kipana na sauti safi, aliupigia kelele. Green hakuwa mwimbaji wa kupaza sauti. Aliimba kama mtu anayezungumza na mmoja tu chumbani, na ndiyo maana ombi lililo ndani ya wimbo huo linaaminika.

Kisha wakapiga «Albatross», na mkahawa ukabadilika.

Ni muziki usio na neno hata moja, wa dakika tatu hivi, uliofika nambari moja Uingereza Januari 1969, na mimi nimeusikia ukipigwa vibaya katika harusi na hoteli mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kosa la kawaida ni kuuharakisha. Mpiga dramu huyu aliweka kando vijiti vyake vya kawaida akachukua virungu vyenye vichwa laini, kama alivyofanya Mick Fleetwood katika rekodi ya asili, na akapiga ngoma zake polepole sana, mapigo yakivimba na kushuka. Mpiga besi alishika noti zake chache na hakuongeza hata moja. Juu yao magitaa mawili yalipanda pamoja, moja likifuata jingine kwa sauti ya pili, sehemu ambazo zamani zilikuwa za Green na Danny Kirwan, aliyekuwa amejiunga na bendi mwaka 1968. Yuleyule mpiga gitaa la pili aliyeziba kila pengo mwanzoni sasa alitulia kabisa. Mimi nimelelewa Mombasa, na kwa dakika zile tatu nilisikia maji yakijaa taratibu usiku, yanapofika miguuni pako kabla hujatambua kwamba yamesogea. Mhudumu aliyekuwa akipita na sinia alisimama karibu na nguzo mpaka noti ya mwisho ilipozimika. Makofi yalichelewa kidogo, na kuchelewa huko ni sifa.

Bahati mbaya «Man of the World», wimbo wa huzuni kuliko zote alizozitunga, ulifuata mara moja, na mtu wa kaunta akawasha blenda kusaga juisi ya embe katikati ya ubeti wa pili. Akaiwasha tena katika ubeti wa tatu. Wenye mkahawa wakitoza watu kiingilio kwa ajili ya muziki, ni haki ya msikilizaji kwamba juisi ingoje dakika mbili.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mpiga solo, kwa sababu jambo moja lilikuwa limenishangaza: gitaa lake, ambalo si la bei kubwa, lilitoa ile sauti nyembamba, yenye kupitia puani kidogo, ambayo wapenzi wa Green huitambua papo hapo. Gitaa la Green, Gibson Les Paul ya mwaka 1959, lilikuwa na hitilafu iliyogeuka kuwa hazina: sumaku iliyo ndani ya kinasa sauti (kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake) cha karibu na shingo ilikuwa imegeuzwa, kwa hiyo vinasa sauti viwili vikitumiwa kwa pamoja, mawimbi yao hupingana, sauti nzito hufutana, na kinachobaki ni sauti kavu yenye uchungu. Gitaa lilelile baadaye lilinunuliwa na mpiga gitaa Gary Moore, aliyetoa albamu nzima ya nyimbo za Green mwaka 1995, na leo liko mikononi mwa Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica. Kijana huyu alinieleza kwa furaha kwamba alikipeleka chombo chake kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue, wakakifungua kinasa sauti pamoja, wakaichomoa sumaku, wakaigeuza na kuirudisha. Nilimuuliza kama hakuogopa kuharibu gitaa. «Niliogopa sana,» akasema, «lakini bila hivyo ningekuwa ninapiga noti zake kwa sauti ya mtu mwingine.» Jibu hilo lilinifanya niwasamehe «Oh Well».

Sehemu ya pili ilianza kwa «Black Magic Woman», na mzee aliyeketi meza ya jirani akaniinamia.

«Kijana, mbona wanasema huu ni wa Mwingereza? Huu ni wa Santana.»

«Santana ndiye aliyeufikisha mbali, mzee wangu,» nikamjibu, «lakini Green aliutoa na Fleetwood Mac mwaka 1968, miaka miwili kabla yake.»

Mzee alitikisa kichwa polepole, na hana lawama, kwani hivyo ndivyo kopi bora zinavyofanya: zinaingia nyumbani mwa wimbo, zinapanga viti upya, na mgeni akija hudhani ndio wenyeji. Rekodi ya Green ni bluzi ya huzuni yenye mdundo wa Kilatini kwa mbali. Santana alichukua ule mdundo wa mbali akauleta mbele kwa ngoma za konga na timbale. Nilitarajia bendi yetu ichague mmoja kati ya hao wawili na kumfuata. Badala yake, baada ya beti mbili zilizofuata rekodi ya Green kwa uaminifu, mpiga besi alihamia mwendo wa rumba, gitaa la pili likaanza kuzungusha vinoti vyake vya juu, na wimbo ukaingia sebene. Watu waliinuka kucheza. Jambo hilo lingeweza kuwa mzaha wa jukwaani, lakini lina mantiki yake ya ndani, kwa sababu rumba ya Kongo, ambayo Nairobi imeicheza na kuirekodi kwa miongo mingi, ilikua kwa kusikiliza sahani za muziki wa Cuba, na konga za Santana zina asili hiyohiyo ya Cuba. Bendi haikuutoa wimbo njiani; iliupitisha njia nyingine inayofika palepale. Na mpiga gitaa la pili, ambaye tabia yake ya kujibu kila kitu ilikuwa imeuumiza usiku mapema, hapa alikuwa mtu sahihi mahali sahihi.

«The Green Manalishi», wimbo ambao Green aliutunga akiilaani fedha na ambao bendi ya Judas Priest iliugeuza kuwa muziki mzito wa roki, haukufaulu kwa sababu ya mitambo tu. Spika zilikoroma, sauti ya mwimbaji ikamezwa na dramu, na fundi mitambo hakuonekana mahali pake. Walimaliza kwa «The Supernatural», muziki bila maneno ambao Green aliurekodi na John Mayall katika albamu ya mwaka 1967. Ndani yake kuna noti moja inayoshikiliwa muda mrefu mpaka inaanza kulia yenyewe. Mpiga solo alisogea karibu na amplifaya yake, akaishika noti hiyo, akafumba macho, na wenzake wanne wakamngoja.

Kuhusu chakula sina mengi: kuku wa kuchoma alikuwa amekauka, chai ya tangawizi ilikuwa kali na nzuri, na wahudumu walikuwa na adabu hata ukumbi ulipojaa. Bendi imeambiwa itapiga tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi kwa kiingilio kilekile. Nitakwenda. Atakayefika mapema achukue meza za upande wa kushoto wa jukwaa, kwa kuwa ndiko anakosimama mpiga solo, na ndiko mbali zaidi na kaunta.