Kliniki ya chanjo ya wasafiri: sindano safi, kalamu mbovu

Mwezi ujao naenda Lubumbashi kufuata mzigo, na bila kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, Kongo huingii. Nikaenda kliniki moja hapa Dar, jina naliweka kapuni. Nimefika saa mbili asubuhi, nimehudumiwa saa tano na nusu. Feni moja, watu kibao.

Lakini nesi yule! Kwanza aliniuliza kama mayai yananidhuru, maana virusi vya chanjo ya homa ya manjano hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Kisha akafungua kichupa mbele ya macho yangu, akatia maji yake, unga ukayeyuka taratibu. Ni chanjo ileile ya miaka ya 1930, iitwayo 17D, iliyompatia mwanasayansi Max Theiler Nobeli mwaka 1951. Sindano yenyewe hata sikuisikia.

Ugomvi ulikuja kwenye kadi. Karani kajaza kwamba inaisha baada ya miaka 10. Nikamwambia, "Dada, tangu Julai 2016 ni ya maisha." Akabisha, akaenda kuuliza, akarudi kimya na kadi mpya. Muhuri umekaa upande, ila unasomeka.

Nendeni siku 10 kabla ya safari au zaidi, la sivyo kadi inakuwa haijaanza kazi. Nyota tatu, mbili kati yake za nesi.