Geji Ipi Ununue kwa Kupima Mgandamizo wa Msumeno wa Mnyororo

Anayenunua geji ya kupima mgandamizo wa injini ndogo mara nyingi hutazama bei, ukubwa wa uso wake na wingi wa adapta zilizomo kwenye boksi. Kwa maoni yangu, hayo yote huja baada ya swali moja: valvu inayozuia hewa isirudi imewekwa wapi? Ikiwa imekaa kwenye ncha inayoingia tundu la plagi, usomaji utaaminika. Ikiwa imekaa juu, jirani na uso wa geji, mshale utasimama chini ya ukweli hata kama kifaa ni cha bei kubwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Pistoni ya injini ya sentimita za ujazo 50 inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki kwenye chumba cha mwako ni kama sentimita za ujazo 6 tu. Mpira wa geji wenye urefu wa sentimita 30 na tundu la milimita 5 nao unabeba karibu kiasi hicho hicho. Valvu ikiwa mbali, nafasi hizo mbili huungana, na hewa iliyopaswa kubanwa mahali padogo husambaa katika nafasi karibu maradufu. Kwenye gari ambalo kila silinda ina sentimita za ujazo 500, nyongeza hiyo ina athari ndogo, na ndiyo maana geji inayotegemewa gereji kila siku inaweza kuutangaza msumeno mzima kuwa umechoka, mwenyewe akabadilisha pistoni na ringi bila sababu. Valvu ikiwa kwenye ncha, hewa iliyokwisha kupita hairudi tena, na kila mvuto wa kamba huongeza kidogo hadi shinikizo la ndani ya mpira lilingane na la silinda.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa geji ya mshale yenye mpira mfupi, valvu kwenye ncha, na nyuzi za M14 kwa 1.25 (kipenyo cha milimita 14, na milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi), ambazo ndizo za plagi za misumeno mingi. Uso wa psi (kizio cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba) 0 hadi 300 unafaa, kwa sababu injini nyingi zenye afya husoma kati ya psi 120 na 170, yaani mshale husimama katikati, mahali ambapo geji za namna hii huwa sahihi zaidi. Kabla ya kulipa, ilaze ncha ya geji kando ya plagi yako na uzilinganishe: ikiwa ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni, na ikiwa fupi itaacha uwazi unaoshusha usomaji.

Ya pili ni geji inayofungwa moja kwa moja kwenye tundu la plagi bila mpira. Husoma vizuri, ila plagi nyingi za misumeno zimezama chini ya kava, na mara nyingine ukishakaza unakuta uso wa geji umekugeuzia mgongo.

Ya tatu ni seti ya magari, nayo naikubali kwa sharti la valvu kwenye ncha. Uangalifu unahitajika kwa injini zenye plagi ya M10, kwani adapta inayofungwa mbele ya valvu huongeza nafasi ile ile tunayoikwepa. Afadhali seti yenye mpira wa pili uliotengenezwa kwa M10. Geji za kidijitali zinasomeka kwa urahisi, lakini elektroniki haiponyi valvu iliyowekwa vibaya.

Ya mwisho ni ile yenye koni ya mpira ya kukandamiza kwa mkono. Mkono mmoja uko kwenye koni, mwingine kwenye kamba, mguu umeukanyaga msumeno, na hewa inavuja pembeni. Kwa msumeno singeinunua kabisa.

Nunua pia sindano ya akiba ya valvu, yaani kile kipande cha ndani chenye springi kinachofungua na kufunga hewa, iliyotengenezwa kwa ajili ya geji. Ile ya tairi inafanana nayo kwa macho na inaingia vizuri, lakini springi yake ni ngumu, hivyo hufunguka kwa kuchelewa na kushusha usomaji.

Geji ikishafika, zima swichi na unganisha waya wa plagi na bodi ya injini, fungua choki, bana kitufe cha mafuta hadi mwisho, hakikisha valvu ya kupunguza mgandamizo (ile ya msumeno inayorahisisha kuvuta kamba, kama unayo) imefungwa, kisha vuta kamba mpaka mshale uache kupanda. Mshale ukishuka wenyewe kabla hujabonyeza kitufe cha kutoa hewa, sindano au oringi (pete ya mpira ya kuziba hewa) inavuja, na geji hiyo irudishwe dukani. Silinda iliyolowa mafuta nayo husoma juu kuliko hali yake halisi, kwa hiyo injini iliyozidiwa na mafuta iachwe ikauke kwanza ndipo ipimwe.