Loda ilikataa magogo, fundi akaja na geji: uzoefu wangu Mafinga

Nina Massey Ferguson 165 ya miaka ya 1970. Hapa Mafinga tunaitumia kupakia magogo ya paina kwenye fuso. Loda ya mbele, yaani mikono ya chuma yenye kijiko inayonyanyuliwa kwa presha ya oili, ilifungwa baadaye na mtu aliyeimiliki kabla yangu. Ina pampu yake ya gia na tanki lake la oili, na kibao chake cha jina kilishang'oka zamani. Mwezi wa tano ikaanza kukataa mzigo. Kijiko kitupu kilipanda vizuri tu, lakini ukiweka gogo la maana mikono inafika usawa wa boneti inasimama. Injini inanguruma, gogo haliendi popote.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliitazama kwa dakika kumi, akasema pampu imekufa, nyingine itoke Dar es Salaam kwa 780,000. Hakufungua hata nati moja. Nilikuwa nimeshamwaga oili na kubadilisha filta bila kuona tofauti, kwa hiyo kidogo nimkubalie. Jirani yangu mwenye kiwanda cha mbao ndiye aliyenipa namba ya kijana wa Makambako anayezunguka na vifaa vyake.

Huyu alianza kazi kwenye simu. "Kamwene mzee. Kijiko kikiwa kitupu, kasi ya kupanda imepungua?" Nikamwambia hapana. "Pampu inalia? Oili ina povu, au imekuwa nyeupe kama maziwa?" Hapana. "Ukikiacha juu na injini umezima, kinashuka chenyewe?" Kinashuka, ila taratibu sana. Akasema nisinunue chochote mpaka afike. Alinieleza kwamba kasi inatokana na wingi wa oili inayosukumwa na pampu, na nguvu ya kunyanyua inatokana na presha. Kama kasi ipo na nguvu haipo, pampu si ya kushukiwa kwanza.

Alichelewa siku nzima, na hilo namwandikia hapa kwa sababu fuso ya watu ilikuwa inasubiri. Alipofika alikataa kupima papo hapo. Asubuhi za Juni huku oili inakuwa nzito kama uji, na oili ya baridi inaweza kuficha pampu iliyolika. Tukaifanyisha loda kazi nyepesi karibu nusu saa mpaka tanki likapata joto. Wakati huo alisugua maungio yote kwa brashi na dizeli, maana mchanga ukiingia ndani utaharibu hata kile ambacho kilikuwa kizima.

Kisha akashusha mikono chini, akazima injini, akafunga T, kiungio cha njia tatu, kati ya pampu na valvu ya levá, na juu ya T geji ya presha inayosoma hadi 5,000 psi (psi ni kipimo cha presha). Tukawasha. Mikono ikapandishwa hadi mwisho, levá ikashikiliwa kwa sekunde chache: 900. Akaongeza resi: 900 ile ile. Hapo akatabasamu. Pampu iliyochoka, alisema, presha yake hupanda ukiongeza resi na huanguka oili ikipata moto. Namba ikikwama mahali pamoja, kuna mlango unaofunguka mapema, na mlango huo ni rilifu valvu, ile inayorudisha oili kwenye tanki presha ikizidi. Ukisogeza sikio ulisikia inafoka, na ukigusa kasha lake lilikuwa la moto kuliko sehemu nyingine zote.

Mdogo wangu alitaka kupitisha kidole kwenye hozi kutafuta kama zinavuja. Fundi alimshika mkono kwa nguvu. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kwa presha ile hupenya ngozi kama sindano. Kidonda unaweza usikione vizuri, lakini ni cha kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Yeye hupitisha kipande cha boksi.

Alipofungua rilifu, springi ilikuwa imekatika vipande viwili. Alikuwa na valvu chakavu ya aina ileile, akatoa springi yake. Kabla ya kuwasha alilegeza yote skrubu inayoibana springi, kisha akawa anaikaza robo mzunguko huku macho yakiwa kwenye geji, mpaka 2,000. Nilimwomba apandishe zaidi, akakataa. Loda haina kibao cha kutuambia kikomo chake, na mikono na ekseli ya mbele ya trekta hii ni ya kale. Nilikubali aliponipigia hesabu kwa chaki kwenye tairi: jeki zangu, zile silinda zinazosukuma mikono, zina kipenyo cha sentimita 5, kwa 900 kila moja ilisukuma kama tani 1 na robo, kwa 2,000 inasukuma karibu tani 2 na robo tatu. Kwenye kijiko unapata pungufu ya hapo kwa sababu ya urefu wa mikono, lakini tofauti niliiona gogo la kwanza lilipopita ubavu wa fuso.

Kule kushuka taratibu hakukupuuza. Alinyoosha jeki hadi mwisho, akategemeza mikono kwa magogo, akafungua hozi ya upande wa rodi, ule mchuma unaotoka ndani ya jeki, na kunitaka nishike levá ya kupandisha. Jeki ya kushoto ilikuwa kavu. Ya kulia ilitiririsha oili bila kukoma, maana yake sili za pistoni, zile za kuzuia oili isipite upande wa pili, zimelika. Hakuwa na sili za saizi ile, na hiyo ni kasoro yake ya pili: anayesafiri hivyo angebeba angalau saizi za kawaida.

Nilimlipa 50,000 ya nauli na kupima, 70,000 ya springi na kazi. Risiti aliniandikia baada ya kumwomba.

Sasa ni wiki ya saba na tunapakia kila siku. Sili za kulia analeta Jumamosi, na T tumeiacha palepale ikiwa na kizibo ili siku hiyo apime tena.