Pakeji ya bustani ya shule: mapaipu sawa, kijana wa mafunzo moto, kalenda sifuri

Nimeulizwa na walimu kama watano hivi kama ile pakeji ya bustani tulinunulia shule inafaa ama ni pesa imeenda na maji, sasa wacha niandike mara moja niache kurudia rudia kwa simu. Jina la kampuni sitaji, lakini kama unasimamia 4K Club (klabu ya kilimo ya shule) huku Kisumu watakufikia tu, hao hawachoki kupiga magoti ofisini kwa hedi ticha.

Sisi ni shule ya msingi na JSS (sekondari ya chini) upande wa Kano. Udongo ni ule mweusi, ukinyesha unavua viatu unabeba mkononi, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza rula. Kwa miaka Kilimo kwetu kilikuwa somo la ubaoni, unachora jembe, unachora wotakeni, mtoto anaandika majina, kengele inalia, kwisha. Na hawa ni watoto wanashika jembe kila Jumamosi kwao nyumbani, wengine wananishinda mimi mwenyewe kupalilia, lakini wakifika shule wanakariri "faida tano za kupalilia". 4K ilipofufuliwa 2021 tulianzisha klabu upya, Kuungana Kufanya Kusaidia Kenya tukaimba, beji tukatengeneza, shamba lenyewe likaishia kuwa mahindi ya mwalimu fulani. Msinitafute.

Pakeji ilitugharimu 46,500, nusu bodi nusu wazazi. Ndani kuna mapaipu ya dripu (ya kumwagilia tone kwa tone) ya kutosha moja kwa nane ya ekari, tanki ya lita 1,000, miche ya sukuma wiki, spinachi, nyanya na hoho, mbolea kidogo ya DAP na CAN, kupimiwa udongo, na siku nne za mafunzo na agronomisti (mtaalamu wa mazao) wao. Depoziti nusu kwa till ya M-Pesa, balansi wakileta vitu.

Hapo kwa kuleta ndio kilio kinaanzia. Tuliahidiwa wiki ya kwanza shule ikifunguliwa Januari. Wiki ya kwanza ikapita, kustoma kea wanasema "kesho Madam", wiki ya pili gari limeharibika, ya tatu miche haijakomaa. Vitu vilifika tarehe 29. Mtu anaweza sema wiki tatu ni nini, mkulima wa kawaida angengoja tu. Lakini shule si mkulima wa kawaida, na nitarudi kwa hii maneno maana ndiyo inanikera kuliko yote.

Kupima udongo: usisisimke. Jamaa alichota udongo sehemu tatu, akakoroga na maji kwa kikombe, akachomeka kalamu fulani ya umeme, akasoma pH (kipimo cha asidi) 7.1, akaandika. Dakika kumi. Lakini hapo hapo nikampenda, kwa sababu broshua yao inasukuma kila shule inunue chokaa ya shamba mifuko minne, na yeye akaniambia wazi, "Madam, chokaa ni ya kule Vihiga na Kakamega kwa udongo mwekundu wenye asidi, hapa utakuwa unamwaga pesa." Kijana ana diploma ya chuo cha kilimo cha Bukura, mdogo kabisa, watoto walidhani ni mwanafunzi wa tichingi praktisi, wakaanza kumuita Anko kufikia saa nne.

Mapaipu yenyewe sina shida nayo. Yako imara, jua la hapa halijayapasua mpaka sasa. Shida ni vitu viwili vidogo hawakusema. Kwanza tanki waliiweka chini. Chini kabisa kwa nyasi! Dripu ya aina hii haina pampu, inasukumwa na uzito wa maji tu, sasa tanki ikiwa sawa na shamba laini za mbali zinabaki kavu kama kiangazi. Tulikaa siku mbili tukidhani mapaipu yameziba. Mzazi mmoja fundi wa mbao akaja kutujengea stendi ya mita moja na kitu, mbao tukanunua sisi, na hapo ndipo maji yakafika mwisho. Stendi haiko kwa pakeji, uliza mapema. Pili ni filta. Wanakupa kale kadogo ka plastiki kanakofaa maji safi ya bomba, na sisi maji ni ya kisima, msimu wa mvua yana rangi ya chai ya maziwa. Vitobo vya mapaipu vilianza kuziba wiki ya tatu. Nikanunua filta kubwa mjini kwa pesa ya mfukoni, na kila Ijumaa Gredi ya 7 wanafungua ncha za laini zote maji yafukuze tope. Hiyo kazi wanaigombania hadi nimeweka zamu, kwa sababu kunakuwa na kulowana kwingi sana ambako si bahati mbaya.

Sasa mafunzo. Hapa ndio naona pesa yetu ilienda mahali pazuri, na kwa invoisi mafunzo yameandikwa elfu nne tu! Ningeambiwa nilipe mara mbili ya hiyo ningelipa.

Nilitarajia siku nne za mtu kusimama na chati akisoma. Anko siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alitembea na watoto kiwanja chote akiwauliza maji yanatuama wapi mvua ikinyesha. Wao ndio walimwonyesha, pale karibu na choo cha wavulana, pale nyuma ya Gredi ya 5, na kwa sababu hiyo bustani ikahama kutoka mahali bodi ilikuwa imechagua, na bedi zikainuliwa juu kama futi moja. Mwenyekiti wa bodi alinuna. Mvua ya Machi ilipokuja mahali pa bodi pakawa bwawa la vyura, kununa kukaisha.

Siku ya pili ilikuwa ya mbolea, akaleta vifuniko vya soda. Akauliza, shimo moja la mche linataka DAP kiasi gani? Watoto wakaonyesha kwa ngumi, wengine kwa viganja viwili kama wanaomba ugali. Akachukua kifuniko kimoja, akajaza, akasawazisha kwa kidole. Akawaambia wapime vifuniko kumi kwa mizani ya maabara, wagawanye kwa kumi, halafu wajue pakiti ya kilo mbili itatosha mashimo mangapi. Ikakuja gramu tano na pointi, kwa hivyo karibu mashimo mia nne. Kuna kijana wa Gredi ya 6, hesabu ni adui yake, mtoto hata kwa mtihani anaandika jina halafu analala. Huyu ndiye alikuwa wa kwanza kupata jibu, bila karatasi, kwa sababu alikuwa anahesabu mashimo yake kweli na hakutaka mbolea imwishie katikati ya laini. Na wakafundishwa kufunika na udongo kidogo kabla ya kuweka mche, mizizi isiungue.

Siku ya tatu kukawa na ubishi. Anko alisema sukuma inataka sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Wavulana wakasema huko ni kupoteza shamba. Ukipanda mingi utavuna mingi, si ni hesabu rahisi? Mimi ningewanyamazisha, nakiri. Yeye akasema sawa, bedi hii pandeni kwa rula, bedi ile pandeni mnavyotaka, halafu kila Jumatano mtapima kilo. Bedi zote mita kumi kwa moja. Ya rula ikabeba miche 44. Ya wavulana 90, imebanana kama matatu ya Kondele saa kumi na mbili jioni.

Mwanzo wa Machi tukaanza kuchuma. Wiki ya kwanza bedi ya kubanana ikashinda, kilo tano kwa tatu na nusu, wavulana wakacheza mpaka Kiswahili changu cha kipindi cha sita kikapotea. Wiki ya pili ikashinda tena lakini kidogo. Wiki ya nne zikawa karibu sawa. Nilikuwa nangoja ile ya rula ishinde wazi ili niwe na la kusema darasani, na haikushinda wazi, mizani ni mizani. Aliyemaliza kesi ni mama wa jikoni. Alikataa majani ya ile bedi ya kubanana. Alisema majani ni madogo kama masikio ya panya, kukatakata kunamchukua muda mara mbili, na ndani kwa mikunjo kumejaa wadudu wale wa kijivu wa kunata anaosha mpaka mgongo unauma. "Mimi sipikii kilo, napikia watoto." Gredi ya 7 wakaandika hiyo kwa daftari la mradi kama matokeo, neno kwa neno, na nikawapa alama zote.

Kwa hilo pekee kijana anastahili nyota tano. Tatizo ni siku nne zikiisha ameenda, na ukipiga ofisi wakupe yeye wanakupa mtu wa mauzo.

Kitu kingine, orodha yao ya mboga imeandikwa na mtu hajawahi kula huku. Hoho za nini? Mboga zetu za kienyeji hakuna: hakuna osuga (managu), hakuna dek (saga), hakuna apoth (mrenda), hakuna mito (mitoo). Nikiuliza nikaambiwa hizo hazina soko. Nenda soko la Kibuye asubuhi uniambie hazina soko. Tuliambia watoto walete mbegu kwa dani (nyanya) zao, na zikaja zimefungwa kwa vitambaa na karatasi ya sukari. Osuga ikaota vizuri. Dek ikagoma, laini nzima mimea sita. Dani mmoja alikuja kuchukua mjukuu akacheka sana, akaniambia, "Japuonj (mwalimu), hii mbegu ni ya juzi, dek haipandwi ikiwa mbichi, iache ikae miezi kadhaa kwanza." Hiyo haikuwa kwa kijitabu cha elfu 46. Tumeiweka kwa chupa kavu ingoje.

Uzio pia haupo kwa bei. Mbuzi wa jirani walimaliza spinachi yote Jumapili moja, wakaacha hoho. Hata mbuzi wameona.

Sasa turudi kwa kalenda. Tamu (muhula) ya kwanza ni kama wiki 13, ya pili 14, ya tatu 9 peke yake. Sukuma unapanda, baada ya wiki tano hivi unaanza kuchuma, inaingia ndani ya tamu vizuri. Osuga vile vile. Nyanya, hata ukiletewa mche tayari wa mwezi mmoja, unataka siku 75 na zaidi kuona ya kwanza nyekundu. Zingekuja wiki ya kwanza ya Januari tungevuna mwisho wa Machi, watoto wakiwa hapa. Zilikuja tarehe 29. Shule zikafungwa mwanzo wa Aprili na nyanya ziko kijani kibichi, watoto waliozifunga kwa kamba mti kwa mti wanazitazama kwa dirisha wakibeba mabegi. Hakuna mtu kwa hiyo kampuni aliwahi kukaa chini na kalenda ya shule. Wanauzia shule pakeji ya mkulima na kuipaka rangi ya 4K. Na walimu, msiseme mtakuja likizo kumwagilia, tunajuana.

Aliyetuokoa ni mzee wa geti. Alifungua dripu asubuhi na jioni likizo nzima, akachuma, akauzia akina mama wa barabarani, mafungu ya ishirini na ya hamsini, na akaandika kila fungu kwa daftari la kurasa 32. Siku ya kufungua alinipa mkebe wa Blue Band na 1,340 ndani na hilo daftari. Kuna ukurasa ameandika "3 zimeoza, 2 nimekula mimi".

Kwa jumla nyota tatu na nusu. Ukinunua, gomea hoho na nyanya kama ni tamu ya kwanza na hawawezi kuleta mapema, dai stendi na filta kubwa ziandikwe kwa invoisi, usilipe balansi kabla laini ya mwisho kabisa haijatoa tone, na uitishe yule kijana kwa jina. Kama una pesa kidogo tu, chukua siku nne za mafunzo na utumie magunia na mitungi ya lita tano iliyotobolewa, watoto watajifunza karibu yale yale. Nimejaribu kuuliza kama mafunzo yanauzwa peke yake, bado "wanashauriana".

Wiki iliyopita mtu wao wa mauzo aliniandikia WhatsApp, anataka picha ya watoto wakivuna nyanya aweke kwa ukurasa wao. Nimemtumia picha ya daftari la mzee, ule ukurasa wa tatu zimeoza. Tiki mbili za bluu, kimya.