Vyoo vya kukodi kwenye saiti ya Mikocheni: vyoo vizuri, ratiba dhaifu

Kiwanja tulichokuwa tukijenga kiko Mikocheni, Dar es Salaam, ambako maji ya ardhini yako juu kiasi kwamba shimo la choo cha muda, hasa wakati wa masika, huanza kujaa maji kabla halijatumika. Kwa sababu hiyo mkandarasi alikodi vyoo viwili vya plastiki kutoka kampuni moja ya jijini: kimoja cha wanaume, kingine cha akina mama wanaobeba maji na kokoto, pamoja na mama ntilie anayewapikia mafundi.

Vyoo vyenyewe sina ugomvi navyo. Sakafu haitelezi, komeo linafunga sawasawa, paa linapitisha mwanga, na waliovileta walishauri viwekwe karibu na geti ili gari la kunyonya majitaka lifike bila kukanyaga nondo.

Kasoro iko kwenye ratiba. Mkataba ulisema watasafisha mara moja kwa wiki, hesabu inayowafaa watu wanaotumia karatasi, ilhali wengi wa mafundi wetu hutawaza kwa maji. Tangi la choo cha aina hii kwa kawaida huchukua lita 200 na ushei. Watu 20 wakitumia lita moja na nusu kila mmoja kwa siku, zinaingia lita 180 kwa siku sita, hapo hujahesabu haja zenyewe wala maji ya dawa yanayowekwa mwanzoni. Siku ya kumwaga zege, saidia fundi wanapoongezeka, hesabu hiyo huvurugika kabisa. Choo kikishajaa, wanaume hurudi nyuma ya ukuta, na akina mama hujizuia kunywa maji tangu asubuhi, jambo la hatari kwa mtu anayebeba kokoto juani.

Tulipolipia usafishaji wa mara mbili kwa wiki hali ilitengemaa, ingawa gari lilichelewa mara kwa mara na kila tukipiga simu tuliambiwa liko Vingunguti, kwenye mabwawa ya majitaka. Jibu hilo, pamoja na kuudhi, lilinituliza kidogo, maana kuna wanaomwaga mitoni. Sabuni ya kunawia nayo iliisha mapema, tukanunua wenyewe. Sikuwalaumu sana, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbana kwanza mwajiri kuhusu ustawi wa wafanyakazi wake.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ningewakodi tena, mradi mkataba utaje usafishaji wa mara mbili kwa wiki, siku na saa ya gari kufika, usafishaji wa ziada siku ya zege, na kiasi kitakachokatwa kwenye malipo kila gari lisipotokea.